Filta za lenzi: ipi inafanya kazi kweli na ipi ni kioo cha kupendezesha tu

Pweza wa Paje

Wakuu, salaam.

Karibu kila wiki naulizwa: "Ninunue filta gani?" Nami huuliza: unataka kuondoa nini? Filta haiongezi kitu kwenye picha. Kazi yake ni ya bawabu. Mwanga umefika mlangoni na vyake vyote, filta inasema wewe pita, wewe baki nje. Ukishajua anayebaki nje ni nani, hiyo filta umeijua.

Nianze na ile ambayo ningeomba mwizi aniachie kama angebeba begi zima: polaraiza, ile inayoandikwa CPL.

Miaka kadhaa nyuma nilipewa kazi ya kupiga picha wakulima wa mwani Paje. Bamvua, maji yamekupwa, saa nne asubuhi, kina mama wako ndani ya maji ya magoti wanafunga mbegu kwenye kamba. Kwa macho naona kila kitu: vijiti, kamba, mashada ya mwani. Napiga, naangalia nyuma ya kamera, maji meupe kama bati jipya. Watu wanaonekana wamesimama juu ya kioo, wameinama bila sababu. Bibi mmoja akaja kuchungulia, akaniuliza, "Sasa mwani wetu uko wapi, mwanangu?"

Nikafunga polaraiza. Nikaizungusha pete yake polepole huku jicho liko kwenye kamera. Kabla robo ya mzunguko haijaisha, ule weupe ukaondoka kama mtu kavuta shuka. Kamba zikaonekana zimenyooka, mwani na rangi yake, hata kivuli cha kamba kwenye mchanga chini. Nikampa yule bibi achungulie. Akazungusha mwenyewe mara tatu, nne, weupe unakuja, unaondoka, akaanza kuita wenzake. Kazi ilisimama kama robo saa hivi.

Kilichotokea ni hiki. Mwanga ni wimbi, na wimbi lina upande linaotikisikia. Shika kamba ncha moja, mwenzako ashike nyingine, mtaitikisa juu na chini, au kushoto na kulia. Mwanga wa jua una mitikisiko ya kila upande, imechanganyika. Ukigonga maji kwa mshazari na kuruka, sehemu kubwa ya ule unaoruka inatikisika upande mmoja tu, ule uliolala sambamba na uso wa maji. Polaraiza ni kama ua wa fito zilizosimama: kamba ikitikiswa juu na chini inapita katikati ya fito, ikitikiswa kushoto na kulia inazigonga na kuishia hapo. Mwanga unaotoka kwenye mwani kule chini haujapangika hivyo, kwa hiyo karibu nusu yake unapita. Weupe umebaki nje, mwani umeingia.

Pembe ina maana sana hapa. Kwa maji, pembe bora ni nyuzi 53 ukipima kutoka mstari wa wima, yaani unatazama maji kwa nyuzi kama 37 kutoka usawa wake. Hesabu yake iliwekwa na Mskoti David Brewster mwaka 1815. Kamera yako ikiwa mita 1.6 juu ya maji, hiyo ni sehemu iliyo mita mbili na kitu mbele ya miguu yako. Hapo weupe unafutika karibu wote. Ukitazama wima chini, au kule mbali kwenye upeo, usitegemee makubwa. Nimeona watu wanaitukana filta yao kumbe ni wao wamesimama vibaya.

Na chuma hakimo kwenye mpango huu. Mng'ao wa bati tupu, rimu ya gari, sufuria, huo hauondoki, kwa sababu mwanga ukiruka kwenye metali haupangiki hivyo. Bati lililopakwa rangi linakubali, kwa kuwa mwanga unaruka kwenye rangi. Panda juu ya paa lolote Mji Mkongwe na polaraiza utaona: bati za rangi zinatulia, zile tupu zinaendelea kukuchoma macho.

Majani vilevile. Muembe au mgomba mchana huwa na weupe juu ya majani kwa sababu yana nta. Polaraiza ikiondoa huo weupe, kijani kinatoka. Watu hudhani filta imetia rangi. Rangi ilikuwepo, ilifunikwa.

Gharama yake: inakula stopu 1 mpaka 2 za mwanga (kila stopu moja inaukata mwanga nusu). Na usiizungushe hadi mwisho kila mara. Maji yasiyo na mng'ao hata chembe yanaonekana kama hewa, mtu ataonekana anatembea mchangani.

Maswali yaje.

Kisiki

Nimeweka kambi hapa. Kahawa iko jikoni.

Mtoto wa Lightroom

Mkuu heshima kwako, ila mimi nadhani haya mambo yalikuwa ya enzi za filamu. Siku hizi unapiga RAW, faili ghafi la kamera, kisha kwenye programu unavuta rangi ya bluu chini, anga inakolea. Unavuta kijani, majani yanakolea. Kuna haja gani ya kutembea na vioo mfukoni?

Pweza wa Paje

Kwa anga uko karibu sawa. Kwa zile filta za rangi uko sawa kabisa. Lakini nirudishie mwani wangu. Pale ambapo weupe umeifunika kamba, sensa, kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera, imepokea weupe tu. Kamba haimo kwenye faili. Utavuta nini? Programu ikikuwekea kamba hapo, imeichora yenyewe, na yule bibi atajua si ya kwake.

Kipimo changu ni hicho tu. Kama taarifa iko ndani ya faili na unaweza kuigeuza baadaye, filta ni mzigo. Kama taarifa haikufika kabisa, hapo nunua kioo. Kwa kipimo hicho zinabaki mbili za maana: polaraiza na ND, kioo cha kijivu kinachopunguza mwanga wa rangi zote kwa usawa. Nyingine ni mazungumzo.

Halafu kuhusu anga, usichukulie mambo ya kwenye video za wazungu ukayaleta huku bila kuyapima. Anga imepangika zaidi kwenye mkanda ulio nyuzi 90 kutoka lilipo jua. Kwao Ulaya jua liko chini muda mwingi, mkanda unapita juu juu. Huku kwetu jua la saa sita liko karibu na utosi, kwa hiyo ule mkanda unalala kwenye upeo, duara zima linakuzunguka. Ukiwa Dar au Mombasa saa sita mchana, polaraiza itakoleza anga ya chini kila upande utakaogeukia, na karibu kwa usawa. Asubuhi jua likiwa mashariki, mkanda unatoka kaskazini, unapita utosini, unashuka kusini. Piga kaskazini au kusini, anga inakolea. Piga mashariki au magharibi, filta inalala usingizi. Na ukiwa na lenzi pana sana, milimita 16 hivi, picha moja inabeba mkanda na sehemu zisizo mkanda, unapata doa la bluu nzito katikati ya anga kama mtu kamwaga wino.

Kijana wa Ngamiani

Shikamoo mkuu. Mimi nimenunua CPL ya 58 mm kwa elfu ishirini na tano. Naizungusha mpaka mkono unachoka, maji ni yale yale, ila picha inakuwa na giza kidogo. Nilimrudia muuzaji akasema filta mpya lazima "izoee lenzi" kwanza. Sasa wiki ya tatu hii bado haijazoea.

Kisiki

"Izoee lenzi" 😂😂 kahawa imeniingia puani.

Pweza wa Paje

Marahaba. Pole sana mdogo wangu, nina wasiwasi umeuziwa kioo cheusi chenye pete inayozunguka.

Kupima ni rahisi na kifaa kipo kila duka: kikokotoo. Kile cha kawaida, namba nyeusi kwenye kioo cha kijivu. Shika filta mbele ya jicho, upande unaofungwa kwenye lenzi uwe kwako, ule wa mbele utazame kikokotoo. Zungusha. Polaraiza ya kweli itafika mahali kioo chote cha kikokotoo kinakuwa cheusi na namba zinapotea. Ukiendelea kuzungusha robo nyingine zinarudi. Sababu ni kwamba kioo cha kikokotoo nacho kina karatasi ya polaraiza, ua wa fito kama huo huo. Ukikutanisha fito zilizosimama na fito zilizolala, hapiti mtu. Usitumie simu kwa jaribio hili, baadhi zimewekewa karatasi ya ziada ili mwenye miwani ya jua aweze kuisoma, zitakudanganya.

Jaribio la pili ni la kujua kama ni C kweli (C ya CPL ni "circular", ya mzunguko) au ni polaraiza ya kawaida. Simama mbele ya kioo cha kujitazamia, weka filta jichoni, uangalie taswira ya filta yenyewe. Upande wa lenzi ukiwa umeelekea kioo, filta inaonekana nyeusi tii. Igeuze, inaonekana wazi. Ikiwa wazi pande zote mbili, haina ile karatasi ya pili nyuma. Karatasi hiyo kazi yake ni kuusokota mwanga uzunguke kama parafujo baada ya kuchujwa, kwa sababu kamera za DSLR zina kioo cha ndani kinachogawa mwanga kwenda kwenye fokasi na kipimo cha mwanga, na kioo hicho kinachanganyikiwa kikipewa mwanga uliopangika upande mmoja. Kamera mpya zisizo na kioo hicho wala hazijali.

Na kwa kuwa tumefika kwenye kutengeneza, kuna kisa nakipenda. Mwaka 1852 daktari mmoja wa Bristol, William Bird Herapath, alipata fuwele za kijani za ajabu. Zilipatikana baada ya mwanafunzi wake kudondosha ayodini kwenye mkojo wa mbwa aliyelishwa kwinini. Ndiyo, kwinini hii hii ya malaria tuliyomezeshwa utotoni tukakunja nyuso. Fuwele mbili zikipishana, mahali zilipolaliana pakawa pana giza mahali pengine panapitisha. Hiyo ndiyo polaraiza, ila ndogo mno, huwezi kuifunga kwenye lenzi. Mwaka 1929 Edwin Land wa Marekani, hajafikisha hata miaka ishirini, akaomba hataza ya njia ya kuzipanga fuwele hizo ndogondogo kwa wingi kwenye karatasi ya plastiki zielekee upande mmoja. Ndiye aliyekuja kuanzisha Polaroid. Baadaye wakaacha fuwele, wakawa wanavuta plastiki mpaka inyooke kisha wanaitia ayodini, na mpaka leo mbinu ni ya ukoo huo.

Jicho la Mwanza

Mimi ni wa video, na kwangu ND ndiyo mkate. Wacha niseme ya kwangu.

Ukipiga fremu 25 kwa sekunde, shata (muda ambao mwanga unaruhusiwa kuingia) nzuri ni 1/50 ya sekunde, mwendo unaonekana laini. Sasa mchana wa jua kali, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 100, tundu la lenzi dogo la f/16, shata inakuwa kama 1/100. Mteja anataka nyuma pawe na ukungu, unafungua tundu mpaka f/2.8. Hiyo ni stopu 5, shata imeruka 1/3200. Watu wanacheza mduara wanaonekana wanagutuka kama roboti. Kurudi 1/50 unahitaji kuzuia stopu 6 kamili, ndiyo ND64. Si mambo ya mapambo, ni hesabu.

Kwa wageni: ND8 stopu 3, ND64 stopu 6, ND1000 stopu 10. Kuna watengenezaji wanaandika 0.9, 1.8, 3.0, ni zile zile, kila 0.3 ni stopu moja.

Angalizo kwa zile ND za kuzungusha. Ndani ni polaraiza mbili zinapishana. Ukizungusha kupita kiasi unapata msalaba mkubwa mweusi kama X katikati ya picha, hasa kwenye lenzi pana. Mimi nimewahi kuukabidhi kwa mteja. Harusi nzima ya nje, X inapita kwenye paji la uso la baba mkwe.

Pweza wa Paje

Baba mkwe alisema nini?

Jicho la Mwanza

Aliuliza kama ni alama ya kampuni.

Pweza wa Paje

😂 Ahsante kwa hesabu, imenyooka.

Kwa picha za mnato, ND1000 inageuza 1/125 kuwa sekunde 8. Bahari inakuwa kama maziwa, watu wanaopita sokoni wanayeyuka. Ila chagua kitu kilichotulia. Nguzo za gati, mwamba, ngazi za Forodhani, sawa. Jahazi lililotia nanga usithubutu, linayumba, sekunde 8 zinaligeuza uji. Tafuta fokasi kwanza kabla hujafunga kioo cheusi, kisha ifunge isicheze. Kwenye DSLR ziba tundu la kuchungulia, mwanga unapenya kwa nyuma. Na ND nzito za bei chee zinazuia mwanga unaoonekana tu, infraredi inapita inavyotaka, ndiyo maana nguo nyeusi inatoka na rangi ya hudhurungi.

Mzee wa Chumba cha Giza

Vijana, nawasoma kimya tangu mwanzo. Niruhusuni mstari mmoja au miwili juu ya hizi filta za rangi mnazoziita mazungumzo.

Sisi tulipiga nyeusi na nyeupe. Filamu ile ilikuwa inaipenda sana bluu, kwa hiyo anga ilitoka nyeupe kama karatasi na mawingu hayaonekani. Tukifunga filta ya njano, namba 8, bluu inapungua, mawingu yanatokea. Tunalipa stopu moja. Nyekundu, namba 25, anga inakuwa kama radi inakuja. Unalipa stopu tatu. Namba hizo zimebeba jina la Frederick Wratten, Mwingereza wa Croydon, ambaye kampuni yake Kodak waliinunua mwaka 1912.

Tarehe 10 Aprili 1927, Mmarekani Ansel Adams alipanda na mzigo wa vioo vya picha, vilivyotumika badala ya filamu, kuupiga mwamba wa Half Dome. Alipiga kwa filta ya njano, akahisi anga haitakuwa nzito kama aionavyo moyoni. Akafunga nyekundu iliyokolea, akapiga tena. Picha ya pili ndiyo inayojulikana.

Lakini vitabu vyao havikutuambia habari ya ngozi zetu. Sisi tulijifunza studio kwa kuharibu filamu. Filta nyekundu inaifanya ngozi nyeusi ing'ae na ilainike, maana ngozi yetu inarudisha wekundu kwa wingi. Midomo ndiyo inafifia, umwambie dada apake rangi ya kukolea. Ya kijani inaitia ngozi giza na kila doa linajitokeza. Wateja waliokuja na chunusi niliwafungia nyekundu bila kuwaambia. Walirudi na ndugu zao.

Pweza wa Paje

Shikamoo mzee. Nafuta neno "mazungumzo".

Ila kijana wa kamera ya dijitali asikimbilie kununua nyekundu. Sensa yako tayari ina filta za rangi, mamilioni, moja juu ya kila nukta: nusu kijani, robo nyekundu, robo bluu. Mpango huo ni wa Bryce Bayer wa Kodak, hataza yake ya mwaka 1976. Ukifunga kioo chekundu, nukta za kijani na bluu zinabaki karibu tupu, yaani umeitupa robo tatu ya sensa. Piga rangi, kisha kwenye programu geuza nyeusi na nyeupe na uipandishe nyekundu. Fomula ya mzee inafanya kazi pale pale.

Mama Kumbi

Samahani kaka, mimi napiga harusi ukumbini. Nina filta ya UV niliyouziwa pamoja na lenzi. Kila nikipiga jukwaa lenye taa, kunakuwa na vidoa vya kijani, kimoja kilikuwa shavuni kwa bibi harusi. Ni lenzi imeharibika?

Pweza wa Paje

Dada, ni hiyo filta. Chukua picha hiyo, anzia kwenye taa, pitisha mstari katikati kabisa ya picha, uuendeleze umbali ule ule upande wa pili. Utakuta kidoa kiko hapo. Huo ni mwanga wa taa uliofika kwenye sensa, ukaruka nyuma, ukagonga kile kioo bapa mbele, ukarudi tena ndani kichwa chini miguu juu. Kioo kisichopakwa dawa kinarudisha kama asilimia 4 ya mwanga kwa kila uso, na kina nyuso mbili. Zilizopakwa tabaka nyingi zinarudisha chini ya nusu asilimia, ndiyo tofauti ya bei unayoiona.

Ukumbini ivue. UV ilikuwa na maana kwa filamu, iliyoona urujuanimno. Sensa za leo zina kioo chao ndani kinachoizuia.

Jicho la Mwanza

Hapo napingana na wewe. Yangu ilipasuka badala ya lenzi. Kamera ilidondoka kwenye bodaboda.

Pweza wa Paje

Naheshimu. Hata mimi ufukweni kukiwa na upepo wa chumvi na mchanga naifunga, kufuta filta kwa shati si dhambi kama kufuta lenzi. Lakini taa zikiwaka tu inarudi begini. Na ikigoma kufunguka usiibane kwa nguvu, pete inapinda na kukaza zaidi. Zungushia kipande cha tyubu ya baiskeli, ushike kwa wepesi, itatoka.

Mswahili wa Maskat

Assalaam alaykum. Mie nina swali la mbele kidogo. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa, na inshallah nataka niende Jidda kupiga picha. Hii ND1000 yangu itatosha?

Pweza wa Paje

Waalaykum salaam sheikh. Haitoshi, na naomba usijaribu. ND1000 inapitisha sehemu moja kwa elfu. Kwa jua unahitaji ile ya ND 5.0, sehemu moja kwa laki, imeandikwa wazi kuwa ni ya jua, na ifungwe mbele ya lenzi. ND ya kawaida haikutengenezwa kuzuia infraredi. Jicho haliumi linapoungua, utakuja kujua kesho yake. Usichungulie kabisa kwenye tundu la DSLR, tumia skrini.

Jidda iko ndani ya njia, jua litafunikwa lote kwa zaidi ya dakika tano. Likifunikwa lote tu, ivue filta, vinginevyo hupati kitu. Ule mwale wa kwanza ukirudi, irudishe. Ukibaki Maskat, au sisi huku Tanzania, ni la kumegwa tu, filta haivuliwi hata sekunde moja. Nilikuwa Rujewa, Mbarali, tarehe 1 Septemba 2016, siku ya ile pete, jua lilipozibwa katikati likabaki duara la moto pembeni. Pete nayo ni hivyo hivyo, filta mwanzo mpaka mwisho.

Kijana wa Ngamiani

Wakuu, mrejesho. Nilirudi dukani, nikaomba kikokotoo cha muuzaji mwenyewe. Alikuwa ameandika 25,000 ya mteja mwingine. Nimezungusha filta yangu mizunguko miwili kamili, 25,000 iko pale pale inanitazama. Akasema nimeshika vibaya. Nikamwomba anipe nyingine kutoka kabati la juu, nikazungusha kidogo tu, kikokotoo kikawa cheusi tii.

Akakinyang'anya akidhani nimekiharibu.

Amenibadilishia, nimeongeza elfu kumi na tano. Kesho nashuka Raskazone maji yakikupwa.